Ulicho nacho mkononi, pamoja na kovu: namna ninavyomtumikia Mungu kwa cherehani

Nianze na mchele.

Oktoba 2018 nilikatwa ziwa la kushoto kwa sababu ya saratani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, nilikuwa nimechoka kutembea na leso begani kwenye joto lile la Mombasa, nikafanya lililonijia. Nilishona kifuko cha kitambaa cha pamba, nikakijaza mchele vikombe viwili, nikakitia ndani ya sidiria. Mimi ni fundi cherehani, niko kwenye kazi hii tangu 1996. Kwenye kioo nilijiona sawa kabisa, nikatoka nyumbani Likoni kwenda kununua bitana Biashara Street.

Anayevuka feri asubuhi anajua kwamba geti likifunguliwa watu hawatembei, wanabebwa. Kijana mwenye gunia la nazi alinipiga kumbo. Kile kifuko kikapanda mpaka karibu na shingo, kikateremka, kikatokea chini ya blauzi, kikaanguka pu! kwenye mteremko wa saruji na kupasuka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Dada, mchele wako wamwagika," kwa huruma ya mtu anayeona chakula cha mwenzake kikipotea. Nilicheka na kulia kwa pamoja mpaka ng'ambo ya pili, na watu wakanipisha kidogo, jambo ambalo kwenye feri ya asubuhi ni muujiza.

Tangu hapo nimewashonea wanawake wenzangu maziwa ya kitambaa. Daftari langu lina vipimo 61. Majina hayamo, na sababu nitaieleza. Mpwa wangu aliwahi kulifungua akakuta nimeandika "maziwa manne, Alhamisi" akaniuliza nadaiwa na muuza maziwa yupi.

Sasa kuna binti kanisani kwetu, mjane mdogo, aliyeniuliza baada ya ibada: "Mama, mimi nami nataka yaliyonipata yamfae mtu. Naanzaje?" Nilimjibu ovyo, kwa sababu jua lilikuwa kali na tuktuk ilikuwa inaningoja. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Hesabu kilichomo mkononi

Miaka mingi iliyopita tuligawiwa karatasi kanisani, tuweke alama penye karama zetu. Kuhubiri, kuimba, kufundisha watoto, unabii, uongozi. Niliirudisha ikiwa tupu. Sauti yangu ya kuimba humfanya paka atoke nje, na nikishika kipaza sauti magoti hugongana. Nikaamini kwa miaka kwamba mimi ni wa kuketi kitini na kutoa sadaka.

Musa alipoulizwa ana nini mkononi, alikuwa na fimbo ya kuchungia. Hakuitwa arudi nyumbani akatafute kitu cha heshima zaidi. Ilikuwa fimbo ileile aliyoshinda nayo kutwa akiwafukuza kondoo wa mkwewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi usiku, watoto wakishalala, uigawe mara mbili. Upande wa kwanza usiandike unachopenda wala unachotamani kuwa. Andika watu wanaobisha hodi kwako huja kutaka nini. Mimi walikuja na zipu zilizokatika, sare za shule zilizobana, madera ya harusi. Kuna mama anakaanga viazi karai kando ya duka langu. Ukimwuliza karama yake atakwambia hana. Lakini nimeketi pale miaka, nimeona: watu hufika kabla mafuta hayajapata moto, makusudi, wapate kumweleza mambo yao wakingoja. Yeye huitikia "ehee" na kukoroga unga. Viazi ni kisingizio tu. Hilo yeye halijui mpaka leo, na nikimwambia naogopa ataharibika.

Upande wa pili andika ulichopitia, na hapa usiandike neno moja kama "ugonjwa" au "msiba". Neno moja halimsaidii mtu. Andika vitu. Mimi niliandika: maji ya kunywa baada ya kemo, zile dawa kali za saratani, yana ladha ya sarafu. Nywele hazidondoki kichwani, hubaki kwenye mto. Mkono wa upande uliokatwa huvimba nikibeba ndoo. Wageni hushusha sauti wakiingia chumbani kama kwamba maiti iko tayari. Mume wangu alizima taa kabla sijavua nguo, akidhani ananistahi, nami nikadhani ananichukia, na tulikaa wiki sita hivyo kabla mmoja wetu hajafungua mdomo.

Hayo ndiyo mali. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mtu aliyepitia ndiye anayejua kuuliza, "Maji yana ladha ya sarafu?" na mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye mto.

Halafu tazama pande hizo mbili zinapogusana. Zangu zilichukua miezi kugusana, na mchele ndio uliozigusanisha. Za kwako huenda zisigusane kamwe, na si vibaya. Fanya la upande wa kwanza basi: mpikie mtu, mfulie, mshonee mtoto wake sare. Wala si kila donda limekusudiwa kutolewa nje. Ninayo mambo mengine mawili maishani mwangu ambayo hayatafika kanisani wala hapa.

Usikimbilie kusimama mbele

Nilipomaliza kemo ya pili niliombwa nitoe ushuhuda Jumapili. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, nimefunga kilemba. Nilikusudia kusema kwa dakika tano juu ya wema wa Mungu. Badala yake niliwauliza waumini, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, ni nani kati yao aliyekuja kunitazama hospitali. Kisha nikaanza kuwataja wasiokuja, mmoja mmoja, kwa majina, kuanzia kiti cha mbele. Mzee wa kanisa akanishika mkono akanikalisha, na kwaya ikaanza wimbo haraka hata mpiga kinanda hakuwa ameketi.

Niliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini alikuwapo mama mgeni siku ile, nilikuja kusikia baadaye, aliyekuwa amegundua uvimbe wiki hiyohiyo. Alikuja akitafuta wa kumshika mkono, akaondoka na hasira zangu.

Tangu hapo kipimo changu ni sindano. Mteja akiniuliza habari ya ziwa nami nikaendelea kushona bila kujidunga, niko tayari kumwambia. Nikijidunga, nasema, "Ni hadithi ndefu, dada," narudi kwenye pindo langu. Kwako huenda isiwe sindano. Huenda ni kisu cha kukatia mboga au usukani wa matatu. Jiulize tu: nikimweleza huyu, je, yeye ndiye atakayelazimika kunibembeleza mimi? Kama ndiyo, ngoja. Kulia pamoja na mtu hakuna ubaya. Ubaya ni mgonjwa kuinuka kitandani kukutafutia wewe kitambaa cha machozi.

Na ukingoja usikae bure. Miezi ile mimi sikuweza kusema lolote la maana nilitia vifungo kwenye mashati ya watoto wa Shule ya Jumapili. Vifungo havihitaji ushuhuda.

Aliyebisha hodi

Wa kwanza kuja kushonewa ziwa hakuwa wa kanisani kwetu. Ni mama wa Kibokoni, Mji wa Kale, aliyeletwa na mdogo wake anayekaa Likoni ashonewe dera la harusi ya bintiye. Alisimama mlangoni na buibui lake akangoja wateja wote waondoke.

"Fundi, waweza kunitilia kitu upande huu?"

"Kitu gani, mamangu?"

"Chochote. Siku ile watu wataniangalia."

Nilivuta pazia. Nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani mwangu, juu ya blauzi. Akabonyeza. Wakati ule nilikuwa nimehamia kwenye mtama, akasikia punje zikisogea. Akanitazama.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Tukakaa kimya, nje pikipiki zinapita. Baadaye akasema, "Alhamdulillahi," nami nikasema, "Amina," nikachukua tepu.

Watu kanisani waliniuliza nilimhubiria nini. Nilimshonea. Kitabu cha Matendo, sura ya 9, kinamtaja Tabitha wa Yafa, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Alipokufa wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka hotuba yake. Walishika pindo. Na Paulo mwenyewe, ambaye hotuba zake tunazo nyingi, alikuwa fundi wa mahema. Nampenda zaidi nikimkumbuka na sindano.

Ninachosema ni kwamba usianze kwa kutafuta umati, wala usianzishe kikundi chenye jina na muhuri. Tazama ni nani aliye mlangoni tayari, anayengoja wengine waondoke.

Pima kwanza, hata kabla ya kuomba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu wanaofariji wengi hushona kabla ya kupima.

Mwanamke akija, swali langu la kwanza ni kama daktari amesema kidonda kimefunga. Kama bado, sitii uzito wowote. Nampa kifuko cha pamba tupu, chepesi, mpaka aruhusiwe. Kisha namwomba avae sidiria yake mwenyewe. Napima upande uliobaki: kutoka mfupa wa katikati ya kifua hadi chini ya kwapa, na kutoka juu hadi kwenye mkunjo wa chini. Nakata vipande viwili vya pamba laini, iliyofuliwa angalau mara tatu ili isije ikasinyaa baadaye. Cha mbele ni kikubwa, nakikunja upande mmoja nikipiga mshono mfupi ili kichomoze. Cha nyuma ni bapa na kidogo, kwa maana ndicho kinacholala juu ya kovu, na hapo sitaki mshono wowote ukune. Vyote viwili vina mkia mfupi unaokwenda kwapani, kwa sababu madaktari hukata mpaka huko na pengo huonekana.

Uzito ndio siri. Pamba peke yake hupanda. Mwanamke akiinua mkono kushika chuma cha matatu, upande mmoja unaenda juu na mwingine unabaki, na bega lake litakaa limepinda kutwa. Namna ya kujua uzito nimeibuni mwenyewe. Nampa mfuko wa plastiki na bakuli la ushanga, natoka nje ya pazia. Yeye mwenyewe anashika mfuko kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anainua ziwa lililobaki, anaongeza ushanga mpaka mikono ikubaliane. Wangu ni gramu 350. Ushanga huo naushonea kifuko chake kidogo, nauweka chini kwa nyuma, na mbele najaza pamba ya mto.

Kwa nini ushanga? Mchele nimekwisha kueleza, na hata usipoanguka unanyonya jasho. Mtama ulinistahi miezi minne, kisha siku moja nikiwa kanisani nikahisi mwendo. Fukusi. Kwa hali ya hewa ya Mombasa usiweke nafaka mwilini. Ushanga wa kioo unafuliwa, unaanikwa kivulini, unarudi.

La mwisho, kwa ajili ya feri: natumia fulana kuukuu kushona mfuko ndani ya sidiria, wazi upande wa kwapa, ziwa liingie na lisitoke.

Nimeeleza yote haya kwa urefu kwa sababu hata maneno ya kumpa moyo mtu yana vipimo. Wanawake watatu wamekatwa ziwa wiki moja, hospitali moja. Mmoja anaogopa kufa. Mwingine kufa hakumsumbui, anaogopa mumewe ataoa. Wa tatu anawaza karo, wala hana muda wa kuogopa. Ukija na maombi uliyoyashona nyumbani kwa kipimo chako, yatambana au yatampwaya. Mimi huuliza, "Usiku ukiamka, unawaza nini?" Halafu nanyamaza, napima kwapa, hata kama nimekwisha kulipima.

Maneno ya kuacha nyumbani

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Ndiyo huduma bora waliyofanya. Kisha wakafungua midomo, na kitabu kizima kilichobaki ni Ayubu akijaribu kuwanyamazisha.

Niliambiwa mengi nilipokuwa mgonjwa. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba," akaniambia mtu aliyenikuta sakafuni. "Shukuru, fulani yeye alikufa." "Tafuta dhambi iliyofichika." Mwingine aliniletea chupa ya mitishamba akasema niache kemo, na mwingine akataka niache yote, mitishamba na kemo, nikakeshe kwenye maombi. Huyu wa mwisho alinipenda kweli, najua. Lakini kama ningemsikiliza nisingekuwa hapa nikiandika.

Kwa hiyo katika duka langu kuna sheria. Sishindani na daktari. Mteja akinong'ona kwamba ana uvimbe, simwekei mikono kwanza. Namwambia akapimwe wiki hii, na kama anaogopa namsindikiza. Tunaomba tukiwa kwenye tuktuk, dereva naye mara nyingine huitikia.

Sheria ya pili ni kwamba simwambii mtu kwa nini yamempata. Kuna wanaopenda kunimalizia hadithi: "Ndiyo maana Mungu alikupa saratani, ili uwashonee wenzako." Hapo namkatiza, hata awe nani. Mungu niliyemlilia bafuni nimefungulia maji ili watoto wasisikie hakuwa akitafuta fundi. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Mungu anatufariji katika dhiki zetu ili nasi tuwafariji walio katika dhiki zao. Ukilisoma vizuri, tunachogawa ni ile faraja. Dhiki yenyewe tumeikuta njiani.

Basi useme nini? "Pole" inatosha kwa siku nyingi. Baada ya "pole," tumia vitu vya upande wa pili wa karatasi yako, kimoja tu kwa siku. "Maji yakikushinda, weka ndimu." Mimi ndimu ilinisaidia kuliko mahubiri matatu.

Njia ya Kongowea

Sidiria nzuri za mitumba nazipata soko la Kongowea, na njiani kuna Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Si mbali na hapo, upande wa Nyali, kuna kaburi la mke wa Krapf, mmisionari Mjerumani. Nilipokuwa na nguvu za kutembea tena nilikwenda kulitazama.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye, mwaka uleule, alimzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Angeweza kurudi Ujerumani na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, akaendelea kujifunza maneno ya watu wa hapa moja moja. Mwaka 1850 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwenzake wa Rabai, Johannes Rebmann, aliendelea na kazi huku macho yakimfia, akaondoka mwaka 1875 akiwa karibu kipofu.

Wahubiri hupenda kuwataja hawa wawili. Mimi nikisimama pale kaburini nilikuwa nikiwaza mambo mengine. Wiki ile ya msiba, mgeni yule, mwenyewe ana homa, Kiswahili chake bado cha kuokoteza, ni nani aliyemletea uji? Ni nani aliyemfundisha kusema "nimefiwa"? Waliochimba kaburi sijawahi kusikia wakitajwa mimbarini. Nikaona kwamba nikipewa kuchagua, nafasi yangu mimi ni ya mleta uji. Kamusi waandike wengine.

Pesa, siku, na siri

Hili watu wa kanisani hawapendi kulizungumza. Miezi ya kwanza nilishona bure, kila siku, kwa yeyote, na mwezi wa nne kodi ya duka ikanishinda. Mwenye nyumba hakupokea baraka. Sasa nina siku moja: Alhamisi baada ya saa nane mchana, pazia limefungwa. Siku nyingine nashona sare na madera kwa bei yangu ya kawaida, wala simwonei mtu haya. Ziwa moja hunigharimu karibu shilingi 250. Asiye nazo hatoi. Mwenye nazo simwambii anilipe. Namwambia alete kifurushi cha ushanga cha atakayemfuata. Hivyo anayepokea anatoka mlangoni akiwa naye ana mtu wa kumsaidia, ijapokuwa hamjui. Nimeona mgongo wa mwanamke ukinyooka kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya ziwa lenyewe.

Chagua siku yako na ukubali kusema hapana siku nyingine. Pia kubali kwamba mkono wako una kiasi. Wa kwangu wa kushoto ukianza kuvimba nafunga duka, hata kama kuna mtu nje.

Kuhusu siri: daftari halina majina, lina vipimo na herufi. Sipigi picha. Niliwahi kuombwa na kikundi kimoja nipeleke wanawake wangu watatu wakasimame mbele ya mkutano watu wapate kutiwa moyo. Nilikataa, nikaonekana nina kiburi. Kilichompata mtu ni chake. Nina ruhusa ya kusimulia la kwangu tu, na yule mama wa Kibokoni niliyemtaja juu alinipa ruhusa kwa mdomo wake, akaongeza, "Lakini usiseme dera lilikuwa la rangi gani, watanijua."

Hata sasa

Usidhani ukianza kuwatumikia wengine machungu yako yatakwisha. Mimi nilidhani hivyo. Kuna Alhamisi ninamaliza kumvisha mtu, anajitazama kwenye kioo anatabasamu, anaondoka, nami nafunga mlango nalia kwa sababu mimi sikuwa na wa kunivisha. Kisha napiga pasi. Kila Oktoba nikienda kupimwa tumbo linakatika wiki nzima kabla, na siku hizo nyimbo zote za ushindi hunichosha. Nasali sala moja, "Bwana, nishike," na wakati mwingine nafika "Bwana" tu.

Na utakosea. Mwaka jana alikuja mama kutoka Changamwe, matatu mbili na feri, akiwa na dada yake. Nilikuwa nimempima wiki mbili kabla, nimeshona vizuri, mkia wa kwapani umekaa sawa, ushanga wa kijani kwa sababu ndio uliokuwepo. Alikuwa mwanamke wa kimya sana. Siku ya vipimo alijibu kwa kichwa tu. Akaingia nyuma ya pazia. Kimya. Kimya kirefu mpaka nikaanza kuogopa, dada yake naye akasimama.

Halafu sauti ikatoka: "Fundi, hili ninalo. Lililopotea ni lile jingine."

Nilikuwa nimeshona la kushoto. Alikuwa amekatwa la kulia. Kabla sijapata neno la kuomba radhi akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, akatoka amelishika juu kama samaki aliyevuliwa, akaketi sakafuni penye vipande vya vitambaa. Dada yake akaketi naye. Nami nikaketi. Mama wa viazi karai akaja kuchungulia akidhani kuna msiba.

Tangu siku ile ya kushoto nayatia uzi mwekundu kwenye mkia na ya kulia uzi mweupe. Leo ni Jumatano usiku, mezani nina mawili ya kushoto ya kesho, na uzi mwekundu umeniishia.